Kuhamisha programu ya zamani ya biashara kutoka kwenye emuleta kwenda kompyuta mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwenye maduka ya jumla, famasi, gereji na SACCOS ambazo mpaka leo zinafunga hesabu kwa programu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa maandishi matupu uliotangulia Windows. Nyingi ziliandikwa kwa Clipper, FoxPro au Turbo Pascal miaka ya themanini na tisini. Kompyuta zilizozizaa zilikufa zamani, na sasa programu hizo zinaendeshwa ndani ya emuleta au ndani ya Windows XP iliyofichwa kwenye Windows nyingine. Kompyuta inayobeba vyote hivyo nayo imechoka, na mwenye mali anauliza afanye nini.

Nitajuaje kama programu yetu inaendeshwa ndani ya emuleta?

Watu wengi hawajui, kwa sababu fundi aliweka ikoni moja, akaondoka. Angalia maandishi yaliyo juu ya dirisha programu inapofunguka. Ukiona DOSBox, DOSBox-X au vDos, hiyo ni emuleta: programu inayojifanya kompyuta nzima ya zamani, prosesa yake ikiwemo. Ukiona VirtualBox au VMware, na ndani yake Windows XP inawaka kwanza, hiyo ni mashine pepe. Inatumia prosesa halisi ya kompyuta yako lakini ina diski na mfumo wake wa kubuni.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi. Windows ya biti 32, hadi Windows 10, ilikuwa na sehemu iitwayo NTVDM iliyoweza kufungua programu za DOS moja kwa moja. Kama skrini nyeusi inafunguka yenyewe bila jina lolote kati ya hayo juu, huenda mko hapo. Tofauti hizi zina maana, kwa sababu kila hali ina njia yake ya kutoka.

Mbona inafanya kazi vizuri tu? Kwa nini tuiguse?

Ni kweli inafanya kazi, na sitaidharau. Karani aliyezoea programu ya DOS hamalizi nusu dakika kuandika ankara, mkono wake haujagusa mausi hata mara moja. Programu nyingi za leo zinazofunguliwa kwa kivinjari haziufikii wepesi huo, na anayewaambia wafanyakazi kwamba "mpya ni bora" bila kukubali jambo hili atapoteza imani yao siku ya kwanza.

Lakini chini yake nguzo zinaondoka moja baada ya nyingine. Microsoft iliacha kuisaidia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, na Windows ya biti 64 haijawahi kuwa na NTVDM. Maana yake, ukienda dukani leo ukanunua kompyuta mpya yenye Windows, programu yako ya DOS haitafunguka bila emuleta.

Sababu nzito zaidi ni kwamba wakati mzuri wa kuhama ni pale mfumo wa zamani ungali hai. Ukiwa hai unaweza kuuhoji: huyu mteja anadaiwa ngapi, riba hii uliipataje, stoo ina mifuko mingapi ya saruji. Diski ikishakufa, unabaki na mafaili yasiyojibu.

Nianzie wapi basi? Ninunue kompyuta kwanza?

Hapana. Anza na data. Kompyuta inanunuliwa mchana mmoja, leja ya wadeni ya miaka ishirini hainunuliki.

Funga programu kwenye kompyuta zote, kisha nakili folda nzima, si mafaili unayodhani ndiyo muhimu. Ukiwa na Clipper, FoxPro au dBase, data yako iko kwenye mafaili yenye mkia wa .DBF. Kama kuna .DBT au .FPT, hayo yana maelezo marefu, na yasiposafiri pamoja na DBF yake maelezo hayo yamekwenda. Yale ya .NTX, .IDX na .CDX ni faharasa, yaani orodha za kutafutia rekodi haraka. Yanaweza kujengwa upya, lakini yabebe nayo.

Baada ya kunakili, chungulia ndani. DBF ni mpangilio mwepesi kuelewa, na ndiyo sababu bado tunaweza kuuokoa. Mwanzoni kuna kichwa: baiti ya kwanza inataja aina ya faili, tatu zinazofuata ni tarehe ya mabadiliko ya mwisho, kisha baiti nne zina idadi ya rekodi, mbili zina urefu wa kichwa, na mbili urefu wa rekodi moja. Baada ya hapo rekodi zinafuatana, kila moja kwa urefu uleule. Katika mafaili ya kawaida ya dBase na Clipper kiasi kimeandikwa kwa tarakimu zinazosomeka, na tarehe 17 Machi 2009 imeandikwa 20090317. Ukifungua faili kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, utawaona wateja wako mmoja baada ya mwingine.

Hapo kuna kipimo ambacho kila fundi anapaswa kukifanya: zidisha idadi ya rekodi kwa urefu wa rekodi, jumlisha urefu wa kichwa. Ikiwa faili ni fupi kuliko jawabu, mkia wake umekatika, pengine siku ile umeme ulipozimika katikati ya kazi. Ni heri ulijue hilo sasa.

Tulifungua data kwenye mfumo mpya, na wateja tuliowafuta miaka mingi iliyopita wamerudi. Imekuwaje?

Hawakuwahi kuondoka. Katika DBF kila rekodi huanza na baiti moja ya alama. Ikiwa ni nafasi tupu, rekodi ipo. Ikiwa ni nyota, rekodi imefutwa. Ukifuta mteja, programu inaweka nyota tu, na jina, deni na simu yake vinabaki palepale mpaka mtu atumie amri ya PACK. Maduka mengi hayajawahi kuitumia.

Kifaa chochote cha kuhamishia data lazima kiheshimu nyota hiyo. LibreOffice, programu huria ya ofisi, huziruka rekodi hizo. Maktaba ya Python iitwayo dbfread inazitenga kando, na mimi napenda njia hiyo kuliko zote, kwa sababu unaweza kuzihifadhi mahali pengine bila kuzichanganya na zilizo hai. Usizitupe haraka: ankara iliyofutwa inaweza kuwa ndiyo jibu la swali la mkaguzi.

Jumla za mfumo mpya hazilingani na za zamani. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko katika moja ya sehemu hizi.

Kwanza, upana wa namba. Aliyeandika programu mwaka 1992 aliweka kiasi katika nafasi kumi, mbili zikiwa za senti. Hesabu nukta nayo, na kiasi kikubwa kinachoingia hapo ni 9,999,999.99. Wakati ule hakuna duka la mtaani Dar es Salaam lililofikiria ankara ya shilingi milioni kumi. Leo lori moja la mabati linapita hapo. Programu nyingine hutupa senti ili kubana nafasi, nyingine hujaza nyota badala ya tarakimu, na makarani wamebuni njia yao: wanagawa ankara moja kuwa mbili, au wanaandika kwa maelfu. Waulize. Usipouliza, utahamisha ankara mbili za nusunusu na hutajua ni mauzo ya mtu mmoja.

Pili, miaka ya tarakimu mbili. Ndani ya DBF tarehe ya kweli ina mwaka kamili, lakini kwenye skrini karani anaandika 05/01/26. Clipper isipoambiwa vingine huichukulia kuwa 1926. Tafuta tarehe zote zilizo kabla ya biashara yako kuanzishwa, utashangaa zilivyo nyingi. Na kuna waandishi walioweka tarehe kama maandishi ya kawaida, hapo ni kusafisha kwa mkono.

Tatu, Excel. Mtu anapitisha data kwenye faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, anaifungua kwa Excel, anahifadhi. Msimbo wa bidhaa 00417 umegeuka 417, namba ya simu imepoteza sifuri ya mbele, na bidhaa mbili tofauti sasa zina msimbo mmoja. Kwa kazi hii usipitie Excel. Tumia pgloader kama unakwenda kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kwa kuwa inasoma DBF yenyewe, au andika skripti fupi ya Python.

Majina ya wateja yana alama za ajabu katikati.

Swali hili huja zaidi kutoka Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi kuliko Mwanza, kwa sababu Kiswahili hakina herufi zenye alama juu yake, kama é, na Kifaransa kinazo. DOS ilitumia jedwali la herufi 437 au 850, Windows inatumia jingine. Herufi é katika majedwali hayo mawili ya DOS ni namba 130; Windows ikiisoma namba hiyo kwa jedwali lake la 1252 inaona mkato wa chini. Ndiyo maana Béatrice anageuka B‚atrice. Data haijaharibika. Mwambie msomaji wa faili kwamba chanzo ni 850, kisha hifadhi kwa UTF-8, mpangilio wa herufi wa leo. Kitakachoiharibu ni kurekebisha majina kwa mkono nusu, kisha kugeuza faili zima.

Je, siwezi kuichukua emuleta hiyohiyo nikaiweka kwenye kompyuta mpya?

Unaweza, na mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza: inakupa kompyuta isiyochoka leo, na nafasi ya kupanga kuhama kwa kweli kwa utulivu. Mashine pepe ni rahisi zaidi. Faili la diski yake linanakiliwa, linafunguliwa upande wa pili. Kama XP iko kwenye kompyuta halisi, Disk2vhd ya Sysinternals inaweza kuigeuza diski nzima kuwa faili.

Kwa emuleta ya DOS chagua kwa makini. DOSBox, iliyoanza 2002, ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na watengenezaji wake wamesema wazi kwamba kazi za ofisi si lengo lao. Kufungia rekodi ili watu wawili wasiandike pamoja hakukuwa kipaumbele chao, na biashara yenye watumiaji zaidi ya mmoja italipia hilo. Kwa kazi za ofisi tazama vDos au DOSBox-X, na kama uko kwenye Linux, dosemu2.

Kuna jambo la kasi pia. Programu nyingi za Turbo Pascal zinapoanza hupima kasi ya prosesa kwa mzunguko mdogo. Prosesa ikiwa ya kasi mno, namba inayogawanywa inakuwa kubwa kupita kiasi, jibu linafurika, na programu inakufa na ujumbe wa Runtime error 200. Tatizo hilo lilianza kuonekana kwenye prosesa za miaka ya tisini zilizovuka megahezi 200 hivi. Kwenye DOSBox unapunguza kasi ya emuleta, inafunguka. Kwa hiyo aliyekwambia "kompyuta mpya ina kasi sana kwa programu hii" hakukudanganya.

Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa printa.

Hapa ndipo siku nyingi hupotea, na watu hawapangi bajeti yake.

Programu ya DOS haijui kitu kinachoitwa dereva wa printa. Inatupa herufi moja kwa moja kwenye LPT1, mlango wa zamani wa printa, ikizichanganya na misimbo ya Epson: ESC na @ kuirudisha printa mwanzo, herufi namba 15 kubana maandishi ili safu zote zitoshe kwenye karatasi. Printa ya utepe ya aina ya Epson LX-300 inaielewa lugha hiyo. Printa ndogo za leza za bei nafuu nyingi haziielewi. Zinasubiri picha ya ukurasa kutoka Windows, na zikipewa herufi tupu zinakaa kimya au zinatoa karatasi zenye takataka.

Kompyuta mpya haina mlango wa LPT. Waya unaogeuza USB kuwa LPT husaidia kuchapa tu, na Windows huuona kama printa ya USB, si kama LPT1. Njia tatu zinafanya kazi. Unaweza kununua printa ya utepe yenye USB, kama LX-350, ukaishirikisha kwenye mtandao na kuielekeza LPT1 kwake kwa amri ya NET USE. Unaweza kutumia vDos au DOSBox-X, ambazo hupokea yanayotumwa LPT1 na kuyapeleka kwenye printa ya Windows. Au, kama ankara zako zina nakala za kaboni na dereva wa lori lazima asaini nakala zote, baki na printa ya utepe na usimsikilize anayekuuzia leza.

Kwa Tanzania ongeza jambo la EFD, mashine za kielektroniki za risiti za kodi. Tangu mashine hizo zilipoanza mwaka 2010, maduka yenye programu za DOS yanaandika kila mauzo mara mbili, kwenye programu na kwenye mashine. Kenya nako eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, imeleta sharti la namna hiyo. Kama unachagua mfumo mpya, uliza kwanza unavyounganishwa na TRA au KRA, kabla hujauliza rangi za ripoti zake.

Tuko watu kadhaa kwenye mtandao, na faharasa zinaharibika kila mara.

Programu za zamani zinadhani kwamba zikiandika kwenye faili lililoko seva, maandishi yamefika papo hapo. Windows za sasa hutunza sehemu ya faili kwenye kompyuta ya mtumiaji ili kuharakisha kazi, kwa hiyo watu wawili wanaweza kushika sura mbili za faharasa ileile.

Baadhi ya mafundi hutatua hili kwa kurudisha SMB 1, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili. Kataa. Ndiyo mlango uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kufunga mafaili ya hospitali na makampuni dunia nzima, na tangu mwaka huo Microsoft imekuwa ikiizima katika Windows mpya. Njia salama ni kuweka programu na data kwenye kompyuta moja yenye nguvu, halafu wote waingie humo kutoka kompyuta zao kwa Remote Desktop, wakiwa na emuleta inayojua kufungia rekodi. Mafaili hayapiti tena kwenye mtandao, na faharasa hutulia. Angalia tu gharama ya leseni za Windows Server kabla ya kuamua.

Programu yetu haifunguki bila kile kifaa kidogo kinachochomekwa nyuma ya kompyuta.

Hicho ni kifaa cha leseni cha mlango wa LPT. Waya wa USB hautakisaidia, kwa sababu programu inakitafuta kwenye anwani yenyewe ya mlango. Mtafute mwenye programu akupe toleo lisilokihitaji. Kama hapatikani, tumia kompyuta ya zamani kutoa data na uachane na programu.

Aliyeandika programu hapatikani na hatuna sosi kodi, yale maandishi yake ya asili. Tumekwama?

Kwa data, hapana. DBF inasomeka bila programu. Kilichokwama ni sheria za hesabu zilizo ndani yake.

Kwanza jua una nini. Visual FoxPro, hata toleo la mwisho la 9.0 la mwaka 2004, ni ya biti 32 na bado inafunguka kwenye Windows 11 ingawa Microsoft iliacha kuisaidia Januari 2015. Mwenye hiyo hahitaji emuleta kabisa. FoxPro 2.6 ya DOS ni hadithi nyingine. Ukiwa na sosi kodi ya Clipper, kuna Harbour, kompaila huria inayoijenga upya iwe programu ya Windows au Linux ya leo, mara nyingi kwa marekebisho machache.

Usipokuwa na sosi kodi, kaa na karani. Chukua SACCOS: mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, siku 30. Ukigawa kwa siku 360 riba ni 10,000 kamili. Ukigawa kwa 365 ni 9,863.01. Je, programu inakata senti, au inapandisha hadi shilingi 50 iliyo karibu? Hakuna aliyeliandika popote. Ingiza mikopo ya mfano kwenye mfumo wa zamani, ya siku 1, ya siku 30, iliyocheleweshwa, iliyolipwa kabla ya muda, andika majibu, kisha uulazimishe mfumo mpya uyatoe yaleyale. Wanachama wanakumbuka salio lao, na tofauti ya shilingi 137 inatosha kuleta kelele mkutanoni.

Tuendeshe mifumo miwili sambamba kwa muda gani?

Mpaka ufunge mwezi mmoja mzima na urari ulingane, salio la kila mdeni lilingane, na hesabu ya stoo ilingane. Jumla kuu pekee haitoshi, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana. Epuka kuhama Desemba, na kwa wauza pembejeo epuka msimu wa kupanda. Watu watachoka kuandika mara mbili. Walipwe muda wa ziada, maana karani aliyechoka ataingiza upande mmoja tu na kulinganisha kwenu hakutakuwa na maana.

Tuhamishe miaka yote ya nyuma?

Si lazima. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo hiyo ndiyo chini kabisa. Wengi huhamisha salio la kuanzia na miamala ya miaka michache, kisha kilichobaki wanakitunza kwa CSV na PDF. Hiyo ni sawa, mradi mhasibu ajue pa kukitafuta.

Kompyuta ya zamani tuitupe lini?

Baada ya kufunga mwaka mmoja wa hesabu kwenye mfumo mpya. Kabla ya hapo chukua nakala ya diski nzima, ifungue kwenye mashine pepe, na ufungue programu humo mpaka uone salio la mteja mmoja unayemjua; nakala isiyowahi kufunguliwa usiihesabu. Kisha toa diski na uiharibu. Ina majina, simu na madeni ya watu, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019. Kompyuta iliyobaki, bila diski, mpe fundi: kasha la umeme na kibodi bado vina kazi.